Desa liliniumbua, maktaba ikaniokoa

Mwenzenu nilishawahi kuumbuka. Leo nacheka, lakini siku hiyo kijasho chembamba kilinitoka, na ilikuwa Julai, baridi la Arusha unalijua mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa mwisho kwenye chuo kimoja hapa hapa, jina nalihifadhi. Ripoti yangu ya utafiti ilihusu kesi ya ardhi ya Wameru. Kama huijui, nikudokeze. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Watu hawakukubali. Wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda hadi New York kuwadai haki yao mbele ya Umoja wa Mataifa.

Stori tamu, siyo? Tatizo ni kwamba sikuiandika mimi. Nilichukua desa la kaka mmoja aliyemaliza kabla yangu, nikabadilisha jina na tarehe, nikaongeza aya tatu nne za kwenye intaneti, nikapeleka steshenari ikafungwa kwa jalada la bluu. Nikajiona mtoto wa mjini.

Njia ya mwongo fupi. Mwalimu aliniita ofisini akaniuliza swali moja tu: "Hapa umeandika 'kama alivyonisimulia babu yangu aliyehamishwa Engare Nanyuki.' Kwani wewe si mtu wa Tanga?"

Nikanywea! Nilijua adhabu yake: kufeli, kurudia mwaka, hata kufukuzwa kabisa. Nikamkumbuka mama na vitumbua vyake vilivyokuwa vinanilipia ada. Mwalimu akanipa nafasi ya mwisho: niandike upya kwa wiki sita, ila kwanza nikaripoti maktaba.

Maktaba? Mimi pale nilikuwa naenda kusoma desa na kuchaji simu, basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kaa. Unataka kujua nini?"

"Kesi ya ardhi ya Wameru."

"Hiyo ni mada. Nimekuuliza unataka kujua nini."

Nikakosa jibu. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza: utafiti unaanza na swali. Tukahangaika nalo mpaka likapatikana: kwa nini Wameru walikwenda Umoja wa Mataifa? Jibu lake lina maana. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja huo, Uingereza ikiitawala tu, kwa hiyo wananchi walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao huko. Desa langu lote halikuwa na sentensi hiyo.

Somo la pili, kutafuta. Usiandike sentensi ndefu kwenye katalogi, andika maneno yanayobeba mada, na ukikwama jaribu mengine yenye maana hiyo hiyo. Tukapata kitabu cha Kirilo Japhet mwenyewe na mwanasheria Earle Seaton, The Meru Land Case cha mwaka 1967, na Mountain Farmers cha mwanahistoria Thomas Spear, cha mwaka 1997. Mmoja alikuwemo kwenye tukio, mwingine alilichunguza baadaye. "Wasome wote," mama akasema, "uone wanapopishana."

Somo la tatu ndilo lililoniponya. Soma ukurasa, funga kitabu, ndipo uandike ulichoelewa. Pembeni weka jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Ukichukua maneno yake kama yalivyo, yatie kwenye alama za kunukuu. Ukichukua wazo lake kwa maneno yako, bado umtaje. Kubadilisha maneno mawili matatu ni desa lile lile, umelivalisha shati jipya tu.

Kisha akanipasha: "Mwanangu, mzee huyu alivuka bahari kwa ajili ya mashamba ya watu wake yaliyochukuliwa. Wewe unachukua maneno yake hata hodi hupigi?"

Hapo ndipo liliponiingia. Nilipata B, tena B yangu mwenyewe.

Siku hizi mambo yamekuwa mazito zaidi. Kuna programu kama Turnitin, inalinganisha kazi yako na maandishi iliyonayo na kutoa asilimia ya yanayofanana. Wengi wanaiogopa kama polisi, lakini yenyewe haihukumu. Nukuu halali nayo inaweza kuhesabiwa, na wazo la wizi lililoandikwa kwa maneno mapya linaweza kupita. Anayeamua ni mwalimu.

Halafu ikaja ChatGPT, Novemba 2022. Juzi mdogo wangu, anayesoma chuo huku Usa River, aliiomba orodha ya vitabu kuhusu Wameru. Ikampa vitano, kila kimoja na mwandishi wake na mwaka wake, vinapendeza kweli. Tukaenda kuvitafuta maktaba. Viwili vipo. Vitatu havimo kwenye katalogi yoyote tuliyofungua! Mashine hiyo huweza kutunga kitabu bila hata kupepesa jicho. Nikamwambia nilichofundishwa: kitabu ambacho hujakifungua, usikitaje.

Kwa hiyo wewe uliye Njiro, Tengeru, Makumira au popote, ukisikia maktaba ya chuo inatoa mafunzo, usiseme ni ya mwaka wa kwanza. Mwambie mkutubi akuonyeshe majarida ambayo chuo kinaweza kuyafungua, na programu ya bure kama Zotero ya kukutunzia marejeo. Nenda wiki ya kwanza ya muhula, usisubiri usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Huduma yenyewe umeshailipia kwenye ada.

Au tuseme, mama yako ameshailipia.