Ute wa Konokono: Tafuta Mnunuzi Kwanza

Mkulima, yule konokono mkubwa unayemkuta kwenye mboga asubuhi baada ya mvua, umemtupa nje ya ua mara ngapi? Siku hizi wako watu wanaomfuga kwa ajili ya ute wake, nao hutiwa katika sabuni na mafuta ya kujipaka. Huenda hata umekwisha kufikiwa na mtu anayeuza konokono wa kuanzia. Kabla hujatoa shilingi zako, soma habari hizi.

Dawa yenyewe si ngeni. Warumi wa kale walitumia konokono kwa dawa, na Pliny aliandika habari hizo katika karne ya kwanza. Siku hizi Korea Kusini ndiyo iliyoeneza sana mafuta ya ute.

Sehemu kubwa ya ute ni maji. Pia mna protini na vitu vinavyosaidia ngozi ishike maji, na alantoini inayotuliza ngozi iliyochubuka. Kwa hiyo ngozi kavu hulainika. Lakini mtu akikwambia kwamba ute hurudisha ujana, huyo anauza maneno.

Wala usimtembeze konokono wa shambani usoni mwako. Aweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, ambao ukiingia mwilini mwa mtu hufika kwenye ubongo. Ukimshika, nawa mikono kwa sabuni. Mboga alizopita zioshwe vema.

Kumfuga si kazi nzito. Ataka sanduku lenye udongo wa unyevu, kivuli na kifuniko cha wavu. Mpe sukuma wiki, majani ya mpapai, na maganda ya mayai yaliyosagwa ili apate chokaa ya kujengea gamba. Majani yaliyopigwa dawa ya wadudu usimpe. Pakikauka hujifungia ndani ya gamba akalala, na aliyelala hatoi ute. Wako wanaomtilia chumvi ili atoe ute mwingi. Huko ni kumwua.

Na kifuniko usikisahau! Kila konokono ni dume na jike pamoja, na hutaga mayai mengi mno. Mwaka 1966 mtoto mmoja alileta watatu Miami, Marekani, wakaachwa bustanini. Baada ya miaka saba walikuwa zaidi ya 18,000, na kuwamaliza kuligharimu zaidi ya dola milioni moja. Asili yao ni huku kwetu Afrika Mashariki. Mfikirie jirani yako mwenye kabichi.

Hapa Kenya yakupasa kupata kibali cha Shirika la Wanyamapori (KWS). Ukitaka kuuza sabuni yako mwenyewe, uliza Shirika la Viwango (KEBS) kwanza. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kule Juja, kimefuga konokono. Huko waweza kuuliza mengi.

Sasa mauzo, na hapa ndipo penye shida. Mnakumbuka kware wa mwaka 2013 na 2014. Waliouza ndege wa kuanzia mapema walipata fedha; waliofuata walibaki na mayai yasiyo na mnunuzi. Basi mwulize anayekuuzia konokono: ute nitamwuzia nani, kwa bei gani, na nauli ni ya nani? Akisema yeye mwenyewe ataununua, mwambie aandike mkataba, kisha nenda ukaone kwa macho yako mahali anapousafishia.