Nyumba ya mjini, boma la ushago

Wiki za mwisho za Desemba ndizo ambazo ardhi nyingi upande huu wa Ziwa Victoria huuzwa kwa maneno matupu. Waliohamia Nairobi na Mombasa wamerudi, mgao wa chama uko mfukoni, na yule ami aliyekuwa hapokei simu tangu Machi sasa ameketi chini ya mwembe, kitoweo kikichemka, hana pa kukimbilia. Mume na mke waliooana juzi hufika na mipango miwili. Wanataka ploti ya futi hamsini kwa mia kandokando ya Kisumu, Mamboleo, Riat au Kisian, na wanataka pia waanze kujenga kijijini ili Krismasi ijayo wasilale tena kwenye nyumba ya kuazima. Sisi mawakili wa ardhi huletewa faili hizo Februari, pesa zikiwa zimeshatoka. Mara nyingi kosa ni lilelile: mipango miwili inayoendeshwa na kanuni tofauti imechukuliwa kana kwamba ni mmoja.

Tuanze na mila, kwa sababu ndiyo hupanga foleni. Kijana wa Kijaluo hujenga simba, yaani nyumba ya kijana, ndani ya boma la baba yake. Anaweza kuoa humo na kupata watoto humo, ila boma linabaki la baba. Kutoka na kufungua boma lake mwenyewe ni shughuli ya ukoo. Baba, au mzee anayesimama mahali pake, huongoza njia. Jogoo, shoka na moto huchukuliwa. Mke lazima awepo. Kifungua mimba hutangulia na wadogo humfuata. Mdogo akiruka foleni, wazee watataja chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, na hata vijana wanaoicheka habari hiyo wakiwa mjini huahirisha msingi mpaka kaka mkubwa aanze. Kwa hiyo kitinda mimba mwenye pesa tayari anaweza kungoja miaka kwa sababu kaka yake hana. Ploti ya mjini haina foleni. Nadhani hii ni sababu kubwa ya vijana kununua kandokando ya Kisumu mapema hivi, kubwa kuliko matangazo ya madalali.

Mahakama za Kenya zimewahi kulitazama hadharani pengo hili kati ya boma la ukoo na nyumba ya mjini. Wakili S.M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986, katikati ya msimu wa sikukuu. Alikuwa na nyumba Langata na shamba Matasia, karibu na Ngong. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika huko. Ukoo wake wa Kijaluo, Umira Kager, ulitaka arudishwe Nyalgunga, Siaya. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka alipanda kizimbani kueleza mila za Wajaluo. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na marehemu akazikwa Nyalgunga miezi mitano baada ya kufa. Wengi hukumbuka kwamba ukoo ulishinda. Wachache hukumbuka kwamba kilichoamuliwa ni mahali pa kaburi. Kesi ile haikumpa mtu yeyote hati ya Langata wala ya Matasia. Mila inaweza kusema utalala wapi milele, lakini kuhusu nani ataishi katika nyumba uliyoacha, hakimu atauliza jina lililo kwenye rejista.

Sasa jina hilo. Asilimia kubwa ya wanandoa ninaowahudumia huandikisha ploti kwa jina la mume peke yake, hata pale mke alipokopa nusu ya bei kutoka sako ya walimu. Sababu wanayotoa ni haraka tu: mume ndiye aliyekuwa na kitambulisho siku ile. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inawapa mume na mke nafasi ambayo marafiki wawili hawapewi bila ruhusa ya mahakama, yaani umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambapo mmoja akifa sehemu yake humwendea aliyebaki bila kupitia kesi ya mirathi. Wanaweza pia kuandikwa kwa mafungu, kila mmoja na sehemu yake, na fungu hilo huingia kwenye mirathi ya aliyekufa. Ukiwa na ndugu wengi wenye sauti, tofauti hiyo si ndogo.

Ikiwa jina ni moja, mwenzake hajaachwa mikono mitupu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inachukulia kwamba mali iliyonunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja imeshikwa kwa niaba ya mwingine pia, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mchango unaohesabiwa si pesa tu: kulea watoto, kupika na kulima vimo. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani wala kupangishwa bila idhini ya maandishi ya wote wawili. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba usawa katika ndoa haumaanishi kila kitu kukatwa nusu kwa nusu. Anayedai sehemu lazima aoneshe alichochangia. Kwa hiyo tunza risiti za saruji, ujumbe wa M-Pesa kwa fundi, na taarifa za mkopo wa sako. Sidhani kuna bibi harusi anayependa kusikia hivyo kwenye fungate, nami huwaambia hivyohivyo.

Kuhusu muuzaji, mwaka huohuo wa 2023 mahakama hiyo ilitoa hukumu mbili ambazo kila mnunuzi angepaswa kusimuliwa. Aprili, katika kesi ya Dina Management iliyohusu ardhi ya ufuo Mombasa, ilisema hati pekee haimwokoi mtu ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Septemba, katika kesi ya Torino Enterprises, ilisema barua ya ugawaji si hati miliki. Maana yake kwa Kisumu ni kwamba upekuzi wa rejista ni hatua ya kwanza tu. Uliza ploti ilitoka wapi: iligawanywa kutoka shamba gani, la nani, na ramani ya mgawanyo ilisajiliwa lini. Mchukue mpima ardhi mwenye leseni akuoneshe mawe ya mpaka. Dalali anayekuonesha mpaka kwa kunyoosha kidole hadi kwenye mparachichi hajakuonesha chochote.

Halafu kuna maji. Mwishoni mwa Desemba mvua za vuli huwa zinakatika, udongo mweusi wa nyanda za Kano umekauka na kupasuka, na kila ploti inapendeza. Rudi uitazame Aprili. Ziwa nalo hupanda na kushuka kwa miaka mingi, si kwa msimu mmoja. Lilipanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964. Kufikia 2006 lilikuwa limeshuka sana, na ufuo mpana ukaonekana mahali palipokuwa na maji. Mei 2020 likapita kipimo cha 1964, likaingia kwenye nyumba na mashamba kuanzia Dunga hadi Nyakach. Mtu aliyepima ploti kutoka ukingo wa maji wa 2006 alipima kutoka ndani ya ziwa. Vijana wengi hupanda mashua pale Dunga wakati wa sikukuu, wapige picha na viboko kwa mbali, kisha wale ngege wa kukaanga na ugali. Mkiwa humo, mwombeni nahodha awaoneshe maji yalifika wapi 2020. Ana ramani bora kuliko ya dalali, na anaitoa kwa bei ya safari mliyokwisha kulipia.

Pesa zenyewe hutoka wapi? Mara chache hutoka benki. Mwishoni mwa 2023 mikopo ya nyumba katika Kenya nzima ilikuwa takriban 30,000, katika nchi iliyohesabu watu milioni 47 na zaidi mwaka 2019. Waliobaki hujenga kwa chama na sako, chumba kwa chumba. Katika hesabu hiyo kumbuka ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na 2 kwa ya mashambani. Hauingii kwenye bei anayokutajia muuzaji.

Ushago ni habari nyingine, na ndiko ninakoogopea zaidi. Ardhi nyingi ya Nyanza ilipimwa na kusajiliwa wakati wa babu zetu, na hadi leo hati ina jina la babu aliyekwisha kufa. Baba hakufungua mirathi kwa sababu hakukuwa na ugomvi. Sasa mjukuu anataka kujenga nyumba ya matofali ya milioni mbili juu ya kiwanja alichooneshwa kwa mguu. Kimila ni chake. Kwenye rejista ni mali ya marehemu, yenye warithi ambao pengine ni ishirini, wakiwemo shangazi walioolewa mbali, kwa kuwa Sheria ya Urithi haibagui mabinti. Mkwe aliyefiwa katika nyumba kama hiyo hugundua kwamba saruji ilikuwa yake na udongo si wake. Kuuza kipande cha ardhi hiyo kabla ya mahakama kuthibitisha usimamizi wa mirathi ni kinyume cha sheria, hata kama chifu alikuwepo na soda zikanywewa.

Habari njema ni kwamba Desemba ndio wakati pekee ambapo warithi wote hupatikana mahali pamoja. Kabla mbuzi hajachinjwa, pitisheni karatasi: majina ya watoto wote wa babu, walio hai na waliokufa, nambari za vitambulisho, nakala ya cheti cha kifo, na nambari ya ardhi. Mkishafanya hivyo, barua ya chifu ya kuwatambulisha warithi, ambayo mahakama huitaka, itapatikana Januari bila safari nyingine.

Na kama mmenunua ardhi ya kilimo, iwe Seme, Nyakach au kwingineko, hakikisheni ombi la idhini linafika Bodi ya Kudhibiti Ardhi ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini hiyo mauziano ni batili, na unachobaki nacho ni deni la kumdai muuzaji pesa zako. Mkataba uliotiwa saini tarehe 27 Desemba unakupa hadi 27 Juni. Bodi haikutani kila siku, kwa hiyo ulizeni ratiba ya vikao kwenye ofisi ya kaunti ndogo mara tu milango inapofunguliwa baada ya mwaka mpya.