Bwawa la Kuogelea la Chumvi: Maji Maangavu Hayatoshi, Yapimwe

Na Mwandishi Wetu

Katika nyumba za makazi na nyumba za kulala wageni za ukanda wa Pwani, kuanzia Dar es Salaam hadi Unguja, bwawa la kuogelea la chumvi huuzwa kwa maelezo mafupi yenye kuvutia: weka chumvi, washa mtambo, maji yatajitunza yenyewe. Maelezo hayo yana ukweli nusu. Mtambo huzalisha dawa ya kuua vijidudu, lakini hauzuii maji kupoteza uwiano wake, na uwiano ukishapotea dawa hiyo hudhoofika huku maji yakiendelea kumeremeta.

Hapo ndipo ilipo hatari kwa familia. Mzazi huyatazama maji, huona vigae vya sakafuni bila tabu, kisha huwaruhusu watoto waingie. Jicho halioni bakteria, wala halioni kiwango cha klorini. Makala haya yanaeleza namna bwawa la chumvi linavyofanya kazi, vipimo ambavyo mmiliki anapaswa kuvifahamu, na tahadhari za lazima kwa mtu anayeshughulika na kemikali za bwawa.

Chumvi si dawa

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba bwawa la chumvi ni bwawa la klorini. Tofauti ni kwamba klorini hiyo hainunuliwi katika ndoo, bali hutengenezwa palepale. Maji yenye chumvi hupita katika seli yenye bamba za titani zilizopakwa madini maalumu, na umeme unapopitishwa humo, kloridi iliyomo katika chumvi hugeuka kuwa klorini. Klorini huyeyuka katika maji na kuwa asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo inayoua vijidudu. Ikishamaliza kazi yake hurudi kuwa kloridi, na mzunguko huanza upya.

Mitambo mingi ya nyumbani huhitaji chumvi ya kati ya miligramu 2,700 na 3,400 kwa kila lita, kwa kutegemea maelekezo ya mtengenezaji. Kiasi hicho ni kama sehemu moja ya kumi ya chumvi iliyomo katika maji ya bahari, ambayo hufikia takribani miligramu 35,000 kwa lita. Kwa hiyo, chumvi ya bwawa peke yake haiui vijidudu vya maradhi. Umeme ukikatika kwa siku mbili au seli ikiziba, kinachobaki ni maji yenye ladha ya chumvi na yasiyo na kinga ya kutosha.

Kwa nini pH hupanda

Kipimo cha pH huonesha iwapo maji yameelekea kwenye uasidi au ualikali. Kwa bwawa la nyumbani, pH inatakiwa kuwa kati ya 7.2 na 7.8. Bwawa la chumvi lina tabia ya kupandisha pH, kwa kuwa seli hutoa viputo vingi vya haidrojeni, na viputo hivyo hufukuza kaboni dioksidi iliyoyeyuka katika maji. Kaboni dioksidi inapoondoka, uasidi hupungua na pH hupanda, hata kama hakuna mtu aliyeongeza chochote.

Kupanda huko kuna gharama kubwa. Katika maji yasiyo na kemikali ya kukinga klorini dhidi ya jua, pH ikiwa 7.5, takribani nusu ya klorini huwa katika hali yenye nguvu ya kuua vijidudu. Ikifika 8.0, sehemu hiyo hushuka hadi karibu robo. Ikifika 8.5, hubaki takribani sehemu moja ya kumi. Mmiliki anayepima klorini pekee anaweza kuridhika na namba aliyoisoma, ilhali sehemu kubwa ya klorini hiyo imelala.

Vipimo sita vya kufuatilia

Klorini huru haipaswi kushuka chini ya miligramu 1 kwa lita, na isishuke chini ya miligramu 2 pale inapotumika asidi ya siyanuriki. Asidi hiyo hukinga klorini isiharibiwe na jua. Bila kinga, jua kali la mchana linaweza kuondoa nusu ya klorini katika muda wa saa moja au pungufu. Hata hivyo, siyanuriki ikizidi huifanya klorini iwe nzito kufanya kazi, na njia ya kawaida ya kuipunguza ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya. Ni vyema kufuata kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa mtambo bila kukivuka.

Ualikali wa jumla ndio unaozuia pH kuyumba ghafla. Kiwango cha kawaida ni miligramu 80 hadi 120 kwa lita, ingawa katika mabwawa ya chumvi wataalamu wengi huridhika na kiwango cha chini kidogo ili kupunguza kasi ya pH kupanda.

Ugumu wa maji, yaani wingi wa kalisi, unatakiwa kuwa kati ya miligramu 200 na 400 kwa lita. Kipimo hiki kina uzito wa pekee katika ukanda wetu. Unguja imekaa kwa sehemu kubwa juu ya miamba ya chokaa itokanayo na matumbawe, hivyo maji ya visima vyake huwa magumu. Aidha, baadhi ya visima vya maeneo ya pwani ya Dar es Salaam vina chumvi kutokana na maji ya bahari kupenya ardhini. Anayejaza bwawa kwa maji ya kisima ayapime kwanza, kabla hajamimina hata mfuko mmoja wa chumvi. Kalisi nyingi ikikutana na pH ya juu, magamba meupe hujengeka kwenye bamba za seli na uzalishaji wa klorini hupungua. Kinyume chake, maji yenye pH na kalisi ya chini mno hula saruji iliyo kati ya vigae na kuozesha vyuma vya ngazi na pampu.

Kipimo cha sita ni chumvi yenyewe. Chumvi haipandi na mvuke. Maji yakipungua kwa sababu ya jua, ongeza maji pekee. Chumvi hupotea pale maji yanapovuja, yanaporushwa nje na waogeleaji, yanapotumika kusafisha chujio, au bwawa linapofurika wakati wa mvua za masika.

Namna ya kukokotoa

Makosa mengi huanzia kwenye kukadiria kwa macho. Chukua mfano wa bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 48, sawa na lita 48,000. Iwapo kipimo kinaonesha chumvi miligramu 2,400 na lengo ni 3,000, pengo ni miligramu 600 kwa lita. Ukizidisha kwa lita 48,000 unapata kilo 28.8. Mfuko mmoja wa kilo 25 unatosha kwa kuanzia, kisha maji yapimwe tena baada ya siku moja. Kuongeza chumvi ni rahisi, lakini kuipunguza kunahitaji kumwaga maji.

Chumvi itakayotumika iwe safi. Chumvi ghafi yenye tope huacha madoa na kuongeza madini yasiyohitajika. Itawanywe taratibu pampu ikiwa inazunguka na seli ikiwa imezimwa, hadi iyeyuke yote.

Katika bwawa hilohilo, kupandisha ualikali kwa miligramu 20 kwa lita kunahitaji takribani kilo 1.6 za sodiamu baikaboneti, ambayo ni ile soda ya kuumulia maandazi na keki. Utaratibu unaofaa ni kurekebisha ualikali kwanza, kisha pH, halafu vipimo vingine. Kushusha pH hufanywa kwa asidi ya hidrokloriki kwa kufuata kiwango kilichoandikwa kwenye chombo. Ni busara kuanza na nusu ya kiwango hicho, kusubiri saa kadhaa pampu ikizunguka, na kupima upya.

Klorini na pH zipimwe angalau mara mbili kwa wiki, na kila baada ya mvua kubwa au bwawa kutumiwa na watu wengi. Ualikali upimwe kila wiki. Chumvi, ugumu na siyanuriki kila mwezi. Sampuli ichotwe kwa kina cha kiwiko, mbali na tundu linalorudisha maji bwawani. Vitepe na dawa za kupimia visihifadhiwe kwenye joto wala kutumika baada ya muda wake kwisha.

Anayemimina asidi ni nani?

Katika nyumba nyingi, anayemimina kemikali si mwenye nyumba. Ni mtunza bustani au msaidizi wa nyumbani aliyeelekezwa kwa mdomo, mara moja, siku ya kwanza ya kazi. Huyu ndiye anayebeba hatari kubwa kuliko wote, na mwajiri ana wajibu wa kumpatia glovu, miwani ya kinga na maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha anayoielewa.

Kanuni ni chache, na hazina mjadala. Asidi humiminwa kwenye maji. Maji hayamiminwi kwenye asidi. Asidi na klorini ya unga visichanganywe kamwe, visipimwe kwa kikombe kimoja wala kuhifadhiwa pamoja, kwa kuwa vikikutana hutoa gesi ya klorini yenye kuunguza mapafu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini; anayeinusa aondoke mara moja kuelekea upande unakotoka upepo. Asidi ikigusa ngozi au macho, sehemu hiyo ioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha mhusika apelekwe kituo cha afya. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Aidha, kemikali zisihamishiwe kwenye chupa za maji ya kunywa au soda. Mtoto mwenye kiu hasomi kilichomo, huitambua chupa. Kwa Tanzania Bara, kemikali za aina hii husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Mwananchi anashauriwa kununua bidhaa yenye lebo kamili na kuepuka ile isiyoonesha jina wala nguvu ya kemikali iliyomo.

Wakati wa kusema hapana

Yapo mazingira ambayo bwawa linapaswa kufungwa bila kujali wageni waliokwishafika. Maji yakiwa na ukungu kiasi kwamba tundu la sakafuni katika sehemu yenye kina halionekani, asiingie mtu, kwa sababu mtoto aliyezama hataonekana pia. Harufu kali inayoitwa ya klorini, pamoja na macho kuwasha, kwa kawaida huashiria kwamba klorini imeungana na jasho na mkojo na inahitaji kurekebishwa; si ushahidi kuwa maji ni safi. Na mtu mwenye kuhara asiogelee, kwa kuwa kimelea cha kriptosporidiamu kinaweza kuishi zaidi ya siku saba hata katika maji yenye klorini ya kutosha.

Maji yanayomwagwa yasielekezwe kwenye bustani ya jirani wala barabarani, kwani chumvi yake huweza kudhuru mimea na udongo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipimo cha dakika tano leo kinaokoa seli ya thamani kubwa kesho, na kinaokoa kisichonunulika dukani, yaani afya ya mtoto anayeruka majini akiamini kwamba mkubwa wake amekwisha kuyapima.