Soketi Iliyokufa Bandani

Soketi ya kwenye banda la gari ikikataa kuwasha taa, wengi wetu husema imekufa. Tusiizike upesi. Chomeka kwanza kifaa unachojua ni kizima, na utazame fyuzi iliyo ndani ya plagi. Kisha nenda kwenye mein swichi. Sakiti breka ikiwa imeanguka, chomoa vifaa vyote, uipandishe mara moja tu. Ikianguka tena, iache hivyo hivyo, umwite fundi.

Hatari hasa ni soketi ambayo testa inawaka lakini taa haiwaki. Kwetu Tanga, na zaidi nyumba za Raskazone zinazopigwa na upepo wa bahari, chumvi na unyevu hula shaba, skrubu zikalegea na waya wa nyutro ukaachia. Umeme unafika kwa waya wa moto lakini hauna njia ya kurudi. Kifaa kimelala, volti 230 ziko macho. Tena kifaa kikiwa kimechomekwa na kuwashwa, hata tundu la nyutro huwasha testa. Hapo ndipo mtu, peku juu ya sakafu yenye maji, anapoingiza bisibisi akidhani hamna kitu!

Zima mein swichi, sio swichi ya soketi peke yake. Pima tena matundu yote, ndipo fundi afungue. Akikuta shaba imekuwa ya kijani, aikate mpaka aifikie inayong'aa. Asikubali kuikwangua tu na kuirudisha.