Majuu si Mamoja

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, nchini Kenya, neno "majuu" hutia Marekani, Uingereza na Ujerumani katika kapu moja. Aliyepanda ndege yuko majuu, basi. Walioko huko wanajua kwamba mambo hayako hivyo. Mtu wa Keroka anayeishi Minnesota na nduguye anayehudumia wazee Uingereza hufanya kazi ile ile na kuvaa makoti yale yale mazito, lakini siku zao hazifanani.

Kupishana huanzia kwenye viza. Ardhi ya Gusii, yaani ya kaunti hizo mbili, imekwisha kugawanywa ikawa vipande: sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii peke yake, zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Kwa wengi, mlango wa Marekani umekuwa bahati nasibu ya viza iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1990. Mshindi aliyepita ukaguzi alipewa ukaazi wa kudumu, na mwenzi wake na watoto wadogo waliingia naye. Ndivyo viunga vya kaskazini vya Minneapolis, hasa Brooklyn Park na Brooklyn Center, vilivyopata koo nzima nzima za Wakisii, kwani aliyetangulia humpokea anayefuata. Ulaya humwita mtu kwa kazi maalumu. Kenya ilitia saini makubaliano ya wauguzi na Uingereza mwaka 2021, na ya wafanyakazi na Ujerumani Septemba 2024. Viza ya namna hiyo hufungwa kwa mwajiri. Kuanzia Machi 2024 mhudumu wa wazee aliyeingia Uingereza hakuruhusiwa kuja na mume, mke wala watoto, na Julai 2025 nchi hiyo iliacha kabisa kuajiri wahudumu hao kutoka ng'ambo. Kwa hiyo Marekani mara nyingi ni nyumba yenye kelele za watoto, na Ulaya ni chumba cha mtu mmoja.

Birika la umeme lililonunuliwa Kisii mjini laweza kueleza mengine. Uingereza hutumia plagi ile ile ya Kenya yenye pini tatu nene, na volti zinakaribiana, hivyo maji huchemka kana kwamba birika halijahama. Minnesota plagi haiingii ukutani. Hata ikitafutiwa kiunganishi, umeme wa huko ni volti 120, nusu ya ule wa Kenya, na birika hubaki na robo tu ya nguvu zake. Chai ya asubuhi itamkuta mtu amekwisha kuchelewa kazini. Vipimo navyo vina mitego yake. Mmarekani hupima baridi kwa Farenhaiti na kuandika mwezi kabla ya siku. Mgeni anayesoma 3/5 kwenye ratiba ya zamu na kuelewa tarehe 3 Mei atafika kazini karibu miezi miwili baada ya wenzake kumngoja, maana Mmarekani alikusudia tarehe 5 Machi. Ulaya huandika siku kwanza, kama Kenya.

Gari ni miguu katika viunga vya Minneapolis. Zamu ya jioni huisha saa tano usiku, basi la mwisho limekwisha kupita, na nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Mgeni hununua gari kuukuu katika majuma ya kwanza na kujifunza kushika mkono wa kulia wa barabara. Mwingereza huendesha kushoto kama Mkenya, na leseni ya Kenya hukubalika kwake kwa miezi 12. Ujerumani huikubali kwa miezi sita, kisha mwenye leseni sharti afanye mtihani wa nadharia na wa barabarani, hata kama ameipita barabara ya Narok mara mia. Lakini wengi huko hawana haja ya gari. Treni na tramu, hata zikichelewa, hufuata ratiba, viti vikiwa vitupu au vimejaa, jambo la ajabu kwa aliyezoea matatu ya Keroka inayongoja abiria wa mwisho. Ndani hakuna anayemsalimu mwenzake. Mmarekani humuuliza mtu asiyemjua hali, ila hasubiri jibu.

Kazi yenyewe haitofautiani sana: kumwogesha mzee, kumlisha, kumgeuza kitandani, kuandika kwenye faili. Tofauti iko kwenye saa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 haimwekei mtu mzima kikomo cha saa za kazi. Huagiza tu kwamba, kwa wafanyakazi wengi, saa zinazozidi 40 kwa wiki zilipwe mara moja na nusu. Likizo ya mwaka yenye malipo haimo katika sheria ya nchi nzima. Ni mapatano na mwajiri. Kwa anayelipa karo za wadogo zake na kujenga Nyamira, huo ni mwaliko. Hutoka zamu ya mchana kwa mwajiri mmoja, akala wali ndani ya gari, akaingia zamu ya usiku kwa mwingine. Kwa kawaida Umoja wa Ulaya hauruhusu wastani wa zaidi ya saa 48 kwa wiki, na humdai mwajiri likizo yenye malipo isiyopungua wiki nne. Uingereza ni siku 28 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki. Kwa hesabu hiyo, ni rahisi zaidi kwa Marekani kutuma saruji, na ni rahisi zaidi kwa Ulaya kumtuma mtu mwenyewe akae nyumbani Desemba nzima.

Hospitali hufuata mkondo huo huo. Marekani bima huja na kazi, na hata mwenye bima huweza kuletewa ankara nzito kwa posta majuma kadhaa baada ya kupona. Uingereza mgonjwa huondoka bila ankara, ingawa wahamiaji wengi hulipia huduma hiyo mapema pamoja na viza: pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024. Ujerumani makato ya bima ni lazima, na mwajiri huchangia.

Dukani, bei ya Ulaya ina kodi ndani yake kama ilivyo Kenya. Marekani kodi huongezwa kwenye kaunta, na kiwango hutegemea jimbo. Minnesota hutoza asilimia 6.875 na nyongeza za miji, lakini husamehe nguo na vyakula vingi. Bakshishi ya mkahawani nayo karibu ni lazima.

Jambo linalowagusa Wakisii zaidi ya wahamiaji wengine wengi ni siku ya kununua. Kanisa la Waadventista wa Sabato lilifika Nyanchwa, huko Kisii, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na waumini wake Gusii ni wengi sana. Msabato hanunui wala hauzi tangu jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi. Nyumbani jua huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima. Ujerumani maduka hufungwa Jumapili kwa sheria, na Juni jua la Jumamosi huzama karibu saa tatu na nusu usiku, wakati maduka mengi yamekwisha kufunga. Asiyenunua unga Ijumaa atalala bila ugali hadi Jumatatu. Desemba mambo hugeuka: jua huzama saa kumi jioni na kitu, duka bado liko wazi, lakini siku ya Ijumaa mtu humwomba msimamizi ruhusa ya kutoka mapema. Minnesota saa za jua hupanda na kushuka vivyo hivyo, ila Jumapili maduka yako wazi. Kinachofungwa kwa sheria siku hiyo ni biashara ya magari.

Majina ya wazee nayo yana utata wake. Minnesota mzee wa miaka 90 huitwa kwa jina lake la kwanza hata na kijana wa miaka 19, na mara nyingi mwenyewe hupenda hivyo. Ujerumani huitwa Bwana au Bibi na jina la ukoo. Kwa aliyelelewa katika chinsoni, ile miiko ya haya baina ya mzazi na mtoto, kumwogesha mtu wa rika la baba yake ni mzigo tayari. Angalau Ujerumani haimlazimishi kumwita kama mwenzake wa shule.

Malezi ya watoto nayo hupishana, na yamechunguzwa na wataalamu. Robert LeVine, Mmarekani, alifika Gusii miaka ya 1950, na kitabu chake na wenzake cha mwaka 1994 kiliwalinganisha akina mama wa Kisii na wa Boston: Mkisii humtuliza mtoto mchanga, Mmarekani huzungumza naye. Sara Harkness na Charles Super, waliowahi kuchunguza malezi ya majirani Wakipsigis, waliwalinganisha Wamarekani na Waholanzi. Mtoto wa Kiholanzi wa miezi sita alilala takriban saa mbili zaidi kwa siku, kwa kuwa wazazi wake walithamini utulivu na ratiba. Wa Marekani walitaka mtoto achangamshwe. Uraia wa mtoto nao hutofautiana: anayezaliwa Minneapolis ni Mmarekani siku hiyo hiyo, lakini tangu mwaka 1983 kuzaliwa Uingereza peke yake hakutoshi kumfanya mtu Mwingereza.

Anayefariki kwa kawaida hurudishwa azikwe kwao, nako taratibu hupishana. Kutoka England au Wales, afisa wa uchunguzi wa vifo sharti aarifiwe na kwa kawaida muda wa siku nne upite kabla ya mwili kusafirishwa; Marekani kila jimbo lina sheria zake. Gharama hulipwa kwa harambee. Minneapolis watu hukusanyika kanisani na kuhesabu fedha usiku ule ule. Ulaya, ambako Wakisii wametawanyika mji huu na ule, michango huja kwa simu, mmoja mmoja.