Uzee ni Haki ya Mfanyakazi

Lesotho ni nchi ndogo ya milima, iliyozungukwa pande zote na Afrika ya Kusini. Hesabu za Umoja wa Mataifa zaonyesha kwamba, kwa kadiri vifo vilivyo huko, katika kila wavulana 100 wanaozaliwa hawatimii 50 watakaofikia umri wa miaka 65. Wanawake wa nchi hiyo huishi zaidi kuliko waume zao.

Mwezi Novemba 2004 serikali ya Lesotho ilianza kuwalipa wazee wote pensheni kutoka katika hazina yake yenyewe, kwa kuanzia maloti 150 kwa mwezi. Ni hatua ya kupongezwa, hasa kwa taifa maskini. Lakini sharti lake ni kutimiza miaka 70. Ndiyo maana wengi wa wanaopokea malipo hayo ni akina bibi. Hatuna budi kuuliza: waume zao wako wapi?

Wapo watakaojibu kwamba siku ya kufa ya kila kiumbe imekwisha andikwa. Sisi pia twaamini hivyo. Lakini imani hiyo haimpi tajiri ruhusa ya kuyafupisha maisha ya mwenziwe ili ajipatie faida, wala haimwondolei lawama.

Kwa zaidi ya miaka mia moja wanaume wa Kisotho walivuka mpaka kwenda kuchimba dhahabu ya Afrika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya 100,000, na mishahara yao ndiyo iliyolisha vijiji vyao. Huko chini walivuta vumbi la mwamba, ambalo hukwaruza mapafu na kuyafanya magumu. Ndio ugonjwa wa silikosisi. Pafu lililoharibika hivyo hushikwa upesi na kifua kikuu. Mabweni ya wanaume watupu, mbali na wake zao, yakafungua mlango wa UKIMWI, na leo takriban mtu mzima mmoja katika kila watano nchini humo ana virusi vyake. Bei ya dhahabu ilipoanguka katika miaka ya 1990, maelfu walirudishwa makwao. Dhahabu ilibaki kwa wenyewe. Ugonjwa ukapanda basi pamoja nao.

Sheria ya makaburu ya mwaka 1973 ilimpa mchimbaji mweupe aliyeugua pensheni, na mweusi malipo ya mara moja tu. Ubaguzi huo haukuondolewa katika sheria hadi mwaka 1993. Ilikuwa mwaka 2018 ndipo makampuni sita yalipokubali kutoa fidia ya randi zipatazo bilioni 5, na mahakama ya Johannesburg ikaidhinisha mwaka uliofuata. Kwa wengi fidia hiyo ilikuja kwa wajane. Cheleko ya namna hii ni dhuluma nyingine.

Lesotho haikukaa kimya. Tangu mwaka 2016 kila anayepimwa na kukutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja aishiwe na nguvu. Hata hivyo wanaume huchelewa kwenda kupima, wakidhani kuugua ni udhaifu. Dhana hiyo nayo huua.

Ndugu wasomaji, jambo hili si la Wasotho peke yao. Vijana wetu wanaingia machimboni Geita na Mirerani kila kukicha, na vumbi halina uraia. Kulowesha mwamba kwa maji wakati wa kuchoronga, kupitisha hewa safi, na kupiga picha za kifua kabla ya kikohozi kukomaa ni mambo yanayowezekana. Mwenye mgodi ayatimize. Mkaguzi asiyaone kwa karatasi tu. Na mchimbaji ayadai bila hofu.

Taifa linalomlipa mzee pensheni limefanya wema. Linalomwezesha mfanyakazi kuufikia uzee huo limetenda haki.