Figo Zikishindwa Kazi (2): Fosfati Isiyomalizwa na Mashine

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi mashine inavyosafisha damu ya mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Sasa lipo swali linalowasumbua wengi: mbona mgonjwa hakosi hata siku moja ya usafishaji huo, yaani dayalisisi, na bado vipimo vinaonyesha fosfati iko juu?

Jibu limo kwenye hesabu. Chakula cha kawaida humpa mtu mzima miligramu 1,000 au zaidi za fosforasi, madini yanayounda fosfati, kwa siku, na zaidi ya nusu yake huingia kwenye damu. Kwa wiki, hiyo ni kama miligramu 4,000. Mashine huondoa takriban 800 hadi 1,000 kwa saa nne. Mara tatu kwa wiki hazizidi 3,000.

Ziada hiyo huumiza polepole. Ngozi huwasha, macho huwa mekundu. Vitezi vinne vya shingoni humwaga homoni inayonyonya kalisi kutoka mifupani, na mishipa ya damu hukakamaa kwa kalisi na fosfati zinazoganda kwenye kuta zake. Maradhi ya moyo na mishipa ndiyo yanayoongoza kwa kuua wagonjwa wa dayalisisi.

Je, mgonjwa aache nyama na samaki? Hapana. Anahitaji protini ya kutosha, ila achague. Ute wa yai una protini nyingi na fosfati kidogo sana. Dagaa, kwa kuwa huliwa na mifupa yao, wana fosfati nyingi. Maziwa nayo vilevile. Nyama ikichemshwa na maji yake kumwagwa, fosfati yake hupungua.

Hatari kubwa zaidi ni fosfati inayoongezwa viwandani, kwani karibu yote hufyonzwa, ilhali ile ya maharage hufyonzwa chini ya nusu. Imo kwenye soseji nyingi na soda nyeusi za kola. Kwenye lebo huandikwa E338, E450, E451 au E452.

Kisha kuna vidonge, kama kalisi kabonati na sevelama. Hivi huikamata fosfati tumboni, ikatoka na choo. Kikimezwa saa mbili baada ya kula, kidonge hakina cha kukamata.

Basi ndugu mgonjwa, meza vidonge hivyo pamoja na chakula kama daktari alivyoelekeza, na ukienda kula ugenini, vibebe mfukoni.